Nyeusi Hukawia

Rangi nyingine hazina maringo.
Maganda ya vitunguu niliyoomba kwa mama lishe wa Pasua
hutoa njano kabla chai haijapoa.
Kokwa za parachichi, ukizipondaponda
ukazisahau jikoni usiku kucha,
huamka na wekundu wa ufizi
wa mtoto anayeota meno.

Nyeusi ndiyo yenye kuringa.

Ndeanasia alinifundisha: singa za mkonge
zichemshe kwanza na gome la muwati
mpaka maji yawe kama mbege iliyolala,
kisha zizike topeni. Si tope lolote.
Lile la ukingoni mwa mfongo, kule Uru,
linalonuka kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu.
“Lionje,” akasema.
Nikalionja.
Chuma.

Mwaka juzi mfongo ukapigwa saruji.
Maji sasa yanapita upesi, hayasemi na mtu.
Wenye migomba wanashukuru,
nami nashukuru, ndizi zao nazila.
Ila tope limekwisha,
na Kanaeli anataka vikapu kumi na viwili
vyenye mstari mweusi, mweusi wa kweli,
si huu wa kupima kwa kijiko dukani
unaochuja mvua ya kwanza
ukamharibia mtu gauni la Jumapili.

Nikaenda Njoro, kwa wauza vyuma chakavu.
Kati ya fremu za baiskeli
na jiko lisilo na miguu
lilikuwa pipa la korona.
Mashine, nasema, si maradhi:
ile ya kuchuna mkonge.
Visu vyake vimelegea,
kutu imevivaa kama ukoko chini ya sufuria.

Baba aliilisha hiyo, au pacha wake.
Jani liliingia kijani, likatoka singa nyeupe,
jani, singa, jani, singa,
hadi siku moja ya mwaka ambao mama hautaji
jani likaingia na vidole viwili.
Walimlipa wiki tatu.
Singa za siku ile zilisuuzwa, zikaanikwa, zikauzwa.

Nilikwangua kwa kijiko.
“Kilo ngapi?” muuzaji akauliza.
Kikombe tu, nikamwambia.
Akacheka, hakunitoza.

Kutu, siki, ndoo yenye mfuniko.
Siku tisa nilikuwa nikifunua na kufunika
kama mwenye mgonjwa.
Ya kumi nikavuta fungu la kwanza,
nikalisuuza mara tatu, nikalikamua:
maji yakatoka meupe,
nyeusi ikabaki.

Jioni, barazani, baba ananishikia ncha
kwa vidole alivyobakiza,
nami nasuka kuelekea kwake.
Anavuta kidogo, kujaribu.
“Imeshika,” anasema.

Sijamwambia ilikotoka.
Analeta singa puani.
Ananyamaza muda wa mistari miwili.
Kisha ananyoosha mkono uleule,
anataka fungu jingine.