Jumapili, Wazi

Mteja mpya anauliza: umewahi kujenga nini?
Nje, Mto Rioni umefura kwa mvua ya Machi,
na mimi nachomeka diski ya zamani
inayokohoa kwanza
kabla haijakubali kusomeka.

Ya awali ni ya mjomba Vazha, fundi wa matairi.
Nilikuwa na miaka kumi na saba,
nikipenda kila kitu kimetemete.
Jina lake lilikimbia toka kulia hadi kushoto
kama mdeni aliyemwona mdai wake sokoni.
Chini nikaweka kihesabu cha wageni.
Kilifika mia mbili na kumi na nne, kikagoma.
Mia mbili nilikuwa mimi.
Kumi na nne, mjomba,
akichungulia kama bado yumo.

Kisha hoteli ya njia ya Tskaltubo.
Mwenyewe alitaka buluu,
"lakini si buluu hii."
Tulipitia buluu ishirini na moja, akarudia ya kwanza,
akanilipa nusu kwa pesa, nusu kwa jibini,
na jibini ndiyo iliyokuwa na ukweli.
Leo anwani ile inauza viatu vya kukimbilia
kwa lugha nisiyoijua.

Kwaya ya wastaafu wa kiwanda cha malori:
vitufe vitatu, kila sauti na chake.
Faili la besi lilipotea tulipohamisha seva.
Ukibonyeza sasa, sauti mbili zinaimba
zikilizunguka shimo,
kwa adabu, kama watu wanaopita karibu na kitanda cha mgonjwa.

Na ukurasa wa harusi ya Ketino,
wenye saa ya kuhesabu siku zilizobaki.
Zilibaki tisa, uchumba ukavunjika.
Hakuna aliyeniambia niizime.
Saa ikafika sifuri, ikapita,
ikaanza kushuka upande wa pili wa namba.
Jana nilitazama:
hasi elfu mbili mia nne na sita.

Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema.
Yangu ina daftari, tarehe na nakala za akiba,
na imeisha vilevile.

Mteja hataki haya.
Anataka kliniki ya meno, benki ndogo ya Batumi,
kazi zilizonyooka, nyeupe, zenye pembe za mviringo,
ambazo nikifumba macho siwezi kuzitofautisha.
Nazipanga. Naandika barua. Naifuta.

Kwa sababu ipo ya Severian.
Ukurasa mmoja. Fundi wa piano.
Namba ya simu, picha ya mikono yake
ndani ya piano iliyofunguliwa, kama ya mkunga,
na saa za kazi.
Amefariki, huu mwaka wa tatu.
Kila Novemba mkewe, Makvala, hupanda ngazi zangu
na ada ya mwaka ya jina lile,
sarafu zimefungwa kwa karatasi ya kalenda.
Nilimwambia: mama, hakuna tena anayeipiga ile simu.
Akasema: wewe lipia tu.

Novemba hii aliomba badiliko moja.
Nikadhani ni ile tarehe; nikaweka vidole tayari,
nikatafuta rangi ya kijivu isiyoumiza.
Akavaa miwani, akaisogelea skrini
mpaka pumzi yake ikaiacha na ukungu.

"Hapa," akasema, "ulipoandika
Jumapili tumefunga.
Futa.
Jumapili ndiyo siku ninayokuja."

Neno moja. Sikumtoza.

Mteja bado anangoja, ameuliza mara ya pili.
Kliniki na benki nimeziacha kwenye diski.
Nimemtumia kiungo hicho kimoja, bila maelezo.
Akiona ni kidogo, basi ni kidogo.
Mvua haijakatika.
Naona kwenye takwimu kuna mtu mmoja ndani,
dakika ya kumi na moja sasa,
na leo si Jumapili.