Mlango wa Nyuma, Kushoto

Pikapu ilikuwa inarudi kinyumenyume
imejaa magunia ya karafuu,
kijana juu yake anapiga bodi kwa kofi:
rudi, rudi, rudi, rudi,
na ile "basi" ikaja imechelewa.

Nami nilikuwa ng'ambo, Machomane, dukani,
nikausikia mlango wangu kabla sijauona.
Si sauti kubwa. Kama sufuria kuanguka nyumba ya jirani:
unangoja mtoto alie, halii, unarudi kwenye shughuli zako.
Ila sufuria hii ilikuwa yangu.

Alishuka. Hakusema niliegesha vibaya.
Alitia kiganja pale palipobonyea
kama mtu anayempima mwana homa,
akasema, "Mwalimu, nimekukosea."

Watu walishajaa. Chake hakuna ajali ndogo.
Mmoja: mwite trafiki. Mwengine: bima ya kazi gani basi?
Wa tatu, muwa mdomoni, anakadiria bei
utadhani gari anaiuza yeye.
Bibi mmoja aliuliza tu kama kuna aliyeumia,
alipojibiwa hapana akenda zake,
na mimi nikaona haya kwa hasira niliyokuwa nayo.

Bima naijua. Karatasi ya polisi, picha, njoo kesho,
nenda Unguja, rudi, mwezi, miezi,
na bonde liko pale pale.
"Karafuu zangu hazijapimwa," akasema. "Zikipimwa nakuja."
Akachana ukurasa wa daftari lililokuwa juu ya dashibodi,
akaandika: Shaame Faki Mbwana, Wawi,
nambari ya simu,
na chini yake: nadaiwa mlango.
Hakuandika pesa. Mlango.

Usiku nikaigeuza karatasi nikakuta wino mwekundu.
Hesabu za sehemu, mwandiko wa mtoto umelalia kulia,
na pembeni mkono wangu mwenyewe:
Jibu sahihi. Onesha njia.

Fundi Mbarouk aliizunguka gari mara mbili,
akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Mlango, laki na ishirini. Puti, rangi, siku mbili.
Na huku?"
Kidole kimeteremka ukingo wa chini,
penye mkwaruzo wa nguzo ya lango la skuli,
mwaka juzi, mimi, peke yangu,
nikaondoka na hakuna aliyeona.
"Huku tukitia pamoja, laki na thamanini.
Si yeye mlipaji?"

Sikujibu.
Niseme kweli: sikujibu kwa muda wa msasa
kwenda mwanzo wa mlango hadi mwisho, na kurudi.
Nilipiga hesabu. Sitini elfu.
Mtungi wa gesi. Viatu vya Nasra.
Shaame amechuchumaa, anaitazama kutu.
Kutu haioti kwa wiki moja, na mtu wa shamba
hukitazama kitu akajua kimenyeshewa mvua ngapi.
Hakunyanyua uso. Alihesabu noti,
vidole vinanuka makonyo,
akafika laki na ishirini, akaendelea.

"Basi," nikasema.
Imechelewa nayo, lakini ilifika.
"Hiyo ya chini ni yangu mwenyewe."
"Najua," akasema,
na hadi leo sijui alijua tangu lini.

Rangi haikukubaliana. Nyeupe si moja:
jua la saa sita mlango ule ni maziwa,
gari iliyobaki ni tui.
Chini yake kutu yangu ipo,
imejiongeza kidogo baada ya masika.

Jumatatu Time Shaame alileta daftari,
ukurasa mmoja haupo katikati,
uzi umelegea.
Safari hii njia ameionesha yote,
mstari kwa mstari, hakuruka kitu,
na jibu amekosa.
Nikampa alama.