Mawasiliano Binafsi

Julai. Maktabani tunasoma tumevaa makoti,
na dada Subilaga wa kaunta
anapiga muhuri kwa mkono aliouvika soksi.
Nauliza: kanieneo ya hewa, majarida ya zamani?
Ananielekeza kwa kidevu:
ghala la chini, rafu ya mwisho,
washa tochi ya simu, taa imekufa tangu Pasaka.

Huku chini miaka imeng'oka kama meno.
Sitini na saba upo, sitini na nane haupo,
sabini una nusu,
nusu nyingine panya aliisoma kabla yangu.

Swali langu sikulitoa darasani.
Mama aliolewa Igawilo akitokea Kyela,
kule bondeni, joto linakolala nawe kitanda kimoja,
na wiki ya kwanza alidhani mawifi wamekiloga chungu:
maharage yaleyale, kuni zilezile,
Kyela yanaiva mchana ungali mchana,
huku yanagoma mpaka watoto wanasinzia.
"Maji ya huku," alisema, "yanachemka kwa kiburi tu.
Kelele nyingi, moto hayana."

Na sasa, gizani, ukurasa wa mia mbili kumi na nne
unaniambia hilohilo
kwa Kiingereza kirefu na jedwali la safu sita:
hewa ikipungua uzito, maji hayangoji nyuzi mia.
Ya kwetu yanatoroka kwenye tisini na nne.
Nikacheka peke yangu.
Kitu fulani nyuma ya rafu kikaacha kutafuna.

Kadi ya kuazimia inasema:
A. Mwaipaja, tatu Machi, tisini na moja.
Baada yake, hakuna mtu.
Pembezoni, kwa penseli, mwandiko wa haraka:
*Je, chumvi?*
Sijui alikuwa nani, wala kama aliwahi kupata jibu.
Nilipima kwa niaba yake, sufuria tatu, usiku mmoja.

Daktari Mgimwa ana kalamu nyekundu na subira ya Kihehe.
Niliandika: "Inajulikana kwamba maharage
huchelewa kuiva nyanda za juu."
Akalizungushia neno la kwanza.
Nani kajua? Lini? Alipima nini?
Nikarudi kwa Subilaga. Vitabu kumi na viwili,
siku tatu, shingo imekakamaa.
Wamepima maji. Wamepima viazi vya milima ya kwao.
Maharage ya Uyole hakuna aliyeyawekea saa,
isipokuwa mwanamke mmoja
aliyehesabu kwa watoto waliolala na njaa.

Basi nikamwandika kwenye marejeo, herufi M,
katikati ya maprofesa wawili.
Daktari akamkata.
"Mawasiliano binafsi hayaingii kwenye orodha," alisema,
wala hakusema kwa ubaya.
"Hayana rafu. Mtu hawezi kwenda kuyaazima.
Yanakaa ndani ya maandishi, kwenye mabano."

Kwa hiyo mama yumo, ukurasa wa thelathini na saba,
ameketi kati ya mabano mawili
kama mgeni aliyepewa kigoda karibu na mlango.

Kabla ya kurudisha jarida nilitenda kosa.
Chini ya *Je, chumvi?* niliandika, kwa penseli pia:
*Robo ya nyuzi. Haisaidii.*
Subilaga alifungua, akaona, akapiga muhuri.

Jumamosi nikapanda Igawilo na nakala.
Mama alifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole.
"Ndaga. Sasa mmeshajua. Yataiva mapema?"
Nikamweleza habari ya mvuke: afunike,
aweke jiwe zito juu ya kifuniko,
kanieneo ipande, maji yazuiwe kutoroka.

Alinitazama, kisha akatazama jikoni.
Jiwe lilikuwa pale juu ya kifuniko, jeusi kwa masizi.
"Hilo? Tangu ningali nakubeba mgongoni."

Nikatoa kalamu.
Mabano mengine.