Daftari la Karakana

Mgeni rasmi amesoma tuzo tatu, akakosea jina la kijiji.
Makofi. Shali mpya. Picha.
Mimi niliyeshika daftari lake miaka kumi na tisa
nimekaa nyuma, karibu na mlango unaovujisha baridi ya Tandala.

Haikuanza na tuzo. Ilianza na mkeka.
Eledina Tweve aliona mtoto wa jirani akizikwa ndani ya mkeka,
hapa hapa tulikozungukwa na misindano,
kwa kuwa mbao zilipanda lori usiku kwenda kujenga kwa watu.
Akauza ng'ombe. Akanunua randa na msumeno.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu bado wa kitoto:
Jeneza, mtu mzima, elfu arobaini, amelipa mwenye duka, Njombe.
Jeneza, mtoto, bure.
Jeneza, mtoto, bure.
Jeneza, mama yao, madebe mawili ya viazi.
Tajiri alilipia vishikio vya shaba; vishikio vikamzika maskini.
Hiyo ndiyo hesabu yote. Sikufundishwa nyingine.

Walisema anakula vifo.
Kwenye ulanzi walimwita Bibi Sanduku,
na mwanamke mjamzito alivuka barabara asikutane naye.
Hakujibu. Alipiga randa, maranda yakamfunika miguu
kama kuku aliyeatamia.

Kisha dawa zikafika hospitali.
Watu wakanenepa. Waliokwisha kupimwa urefu kwa macho
wakarudi kupalilia pareto.
Agosti nikaandika: hakuna.
Septemba: hakuna.
Tulifurahi, tukafilisika.
Fundi Ndelwa alidai mshahara wake huku akicheka,
naye bosi akacheka,
na jioni wote wawili walikula mboga bila chumvi.

Mbao zilizobaki zilikuwa na urefu wa mtu.
Alizitazama siku mbili. Ya tatu akazikata katikati:
Dawati, wanafunzi watatu, shule ya msingi, kwa mkopo.
Mkopo huo upo mpaka leo.
Halmashauri nimewaandika kwa wino mwekundu,
na wino wenyewe umeanza kupauka.

Sasa wanamwomba aseme neno.
Anasimama, anapapasa ukingo wa meza kuu,
anainua kitambaa, anainama, anachungulia chini.
Ukumbi kimya. Mpiga picha anasubiri.

"Hii si ya kwetu," anasema. "Mguu unacheza.
Ndelwa, una msumari?"