Masizi ya Msonobari

Siku ile Mwana wa Mbingu alitaka upepo,
nao washairi wakaamriwa waulete
kabla udi haujateketea.
Kwanza yakafungwa madirisha,
karatasi zisiruke.

Mimi nilikuwa msaga wino.
Jina langu Cen Suyi, ila ukumbini waliniita Maji:
Maji, sogea. Maji, ongeza.
Nilipiga magoti kati ya meza ya Bwana Yuchi
na meza ya mzee Qiao,
nikizungusha kipande cha wino juu ya jiwe
taratibu, kama anayembembeleza mtoto,
maana wino ukiukimbiza hutoa povu,
na povu likipasuka juu ya jina la mfalme
huchapwa aliyesaga, si aliyeandika.

Bwana Yuchi hakusita. Alikuwa nao tayari,
pengine tangu mwaka juzi:

        Upepo mnyenyekevu
        Wapita bila uchovu
        Wafuta vumbi na kovu
        Mbele yako huinama.

        Hodi hupiga langoni
        Huvua viatu chini
        Hugusa hariri ndani
        Kisha kimya husimama.

Vichwa vikatikisika, kofia zikagongana.
Mimi nikazidi kuzungusha.

Wino ule niliujua.
Ubavuni ulikuwa na muhuri wa mlima wetu,
korongo wa mguu mmoja.
Kwetu upepo hatuusifu. Tunauziba.
Baba alijenga handaki la mianzi, pingili sitini,
akalikandika udongo, akabandika karatasi kila ufa,
kisha akawasha vijiti vya msonobari kwenye mdomo wake.
Moshi ulitambaa ukiacha masizi ukutani.
Ya karibu na moto ni mazito, ya kupaka milango.
Ya pingili ya mwisho, laini kama nyusi za kitoto,
hayo ndiyo ya ikulu.
Nilikuwa mdogo, nikienea humo ndani.
Niliyafagia kwa unyoya wa bata
nimebana pumzi.
Ukihema tu, alisema Baba, siku tisa zimekwenda.

Mwezi wa pili, usiku, ukaja kutoka upande wa jangwa.
Haukupiga hodi.
Haukuvua viatu.
Uliingia kwa mdomo wa handaki
ukautoa moto upande wa pili,
na Baba alikuwa upande wa pili.

Karatasi ya mzee Qiao ingali nyeupe.
Udi umebaki kama ukucha.
Akanong'ona bila kugeuza shingo:
"Unatoka wapi, wewe?"
"Mlima wa Korongo, bwana."
"Huko unavumaje?"

Mkono wangu ukasimama.
Tangu asubuhi jiwe lile halikuwa limenyamaza,
na ukumbi mzima ukasikia.

Mzee akachovya brashi, akaandika herufi moja,
upepo,
akaweka brashi chini.

Walicheka. Mzee kaishiwa!
Akatozwa faini ya vikombe vitatu vya pombe ya mchele,
akavinywa kama dawa, kimoja kimoja.
Bwana Yuchi akapewa majora kumi ya hariri.

Usiku niliosha mawe.
Karatasi zote zilikuwa kapuni, za kuwashia jiko,
na yake ikiwa juu.
Kusoma sikujua. Nikaisogeza kwenye taa:
kibanda, paa lake limeinama,
na ndani yake kiumbe kidogo kimejikunja.
Baadaye karani mmoja aliniambia ni mdudu,
ndivyo wahenga walivyoiandika.
Sikumbishia. Lakini mimi nilimwona,
magoti kifuani,
unyoya wa bata mkononi.

Nikaikunja, nikaitia ndani ya mkono wa joho langu.

Jiko la alfajiri nililiwasha kwa rasimu za Bwana Yuchi.
Ziliwaka vizuri sana.
Masizi yake nikayapima kwa kidole:
mepesi, ya kijivu,
hayafai hata kupaka mlango.