Mistari Thelathini na Tano

Tulikuwa tisa. Barua nimeandika nane:
"Kampuni inataka kubadili leseni.
Programu iliyokuwa huria itatiwa mlango,
na mlango utakuwa na bei. Saini hapa."
Saba wamejibu. Wa Sohar kwa neno moja,
wa Mombasa kwa maswali kumi na mawili, kisha akasaini,
Rayyan wa Nizwa akatuma dole gumba.
Muhenna hakujibu.
Muhenna yumo kaburini Ibra tangu Shaabani.

Nikaendesha gari kutoka Mabela,
karatasi kwenye kiti cha pili nimeifunga mkanda
kama mtu.

Bi Zuwena akanipokea kwa Kiswahili cha Unguja,
kile alichokuja nacho mgongoni mwa mama yake.
Halwa. Kahawa. Kisha: "Kwani aliwaandikia nini?"

Hesabu ya maji ya falaj, nikasema,
nani afungue, nani azibe, usiku wa mawingu
nyota ya kupimia zamu isipoonekana.
Zamu ya nusu saa huku huitwa athari.
Akacheka kidogo. "Kwetu athari ni kile mtu anachokiacha."
Kwetu sote, Bi Zuwena.

"Sasa hiyo mistari ni mali?"
Ni mali. Hakimiliki haifi na mwenyewe,
hurithiwa, kama mitende.
"Mingapi?"
Mia mbili na kumi.
Akapiga hesabu kwa vidole vyenye hina iliyopauka.
"Mimi mama, na ndugu anao: sudusi yangu.
Thelathini na tano.
Wengine watajisemea.
Yangu mimi ibaki alivyoiacha. Mwenye kiu anywe."
Karatasi akainirudishia, na tende juu yake.

Wakili wa kampuni akaniambia kwenye simu: rahisi hiyo,
futa yake, andika upya.
Alisema "futa" kama mtu anayeagiza chai.

Usiku nikafungua faili. Juu ya hesabu ya usiku
Muhenna kaacha maelezo:
*Usiguse hapa. Nimekosea mara nne, ya tano imekubali.
Mama kaleta maandazi.*

Nikajaribu njia yangu. Maji yakafika shambani
dakika tatu kabla ya zamu: wizi.
Nikajaribu tena. Yakachelewa: wizi pia, wa upande wa pili.
Mara ya tatu ikawa sawasawa. Nikaisoma kwa sauti.
Ilikuwa yake. Nilichobadilisha ni majina tu,
na kumvua mtu jina si kuandika upya.

Alfajiri nikajaza fomu.
Saba: ndiyo.
Wa nane: hapana. Kwenye sababu
nikaandika: maandazi.
Nikafuta. Nikaandika: mama yake.

Wa tisa ni mimi. Kalamu ninayo tangu saa kumi na moja.
Juu ya paa la jirani tangi limejaa,
linamwagika ukutani, linamwagika barabarani,
na paka wawili wamekwisha kulijua.