Kwa Nani

Basi lilinishusha Mnazi Mmoja saa nane usiku,
mimi na begi, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko
ambayo dada zangu wa Njombe waliijaza viazi
kana kwamba huku Lindi watu hawali.
Sweta bado nimelivaa.
Kijana wa bodaboda akalitazama, akanitazama:
"Mama, huko utokako kuna nini?"
Baridi, nikasema.
Akacheka njia nzima,
na upepo wa joto ukanijia usoni
kama pumzi ya mtu aliyetaka kuninong'oneza jambo
halafu akaghairi.

Mtaa unaitwa Rahaleo.
Sikujua raha huwekewa tarehe.
Chumba kimoja, dirisha la nondo, kitanda tano kwa sita,
kipana mno kwa mtu aliyezoea kulala ukingoni,
sikio likiwa macho,
akingoja kikohozi cha chumba cha pili.
Miaka kumi na mmoja nilimuuguza mama.
Siku tulipoondoa matanga nilifua mashuka yake,
nikayaanika, nikasimama uani,
na mikono yangu sikujua niiweke wapi.
Nikalipia miezi mitatu kwa simu,
kwa sauti ya mwanamke nisiyemjua.

Asubuhi yakaanza.
Muuza vitumbua: "Umekuja kwa nani?"
Fundi cherehani, pini mdomoni: "Kwa nani vile?"
Mtoto aliyetumwa chumvi akasahau chumvi:
"Eti, umekuja kwa nani?"
Huku mtu haji tu.
Huja kwa mjomba, kwa mume, kwa kesi ya shamba,
huja kwa korosho mnada ukifunguliwa.
Wa kwanza nikamwambia nimekuja kikazi.
Wa pili, nina binamu hospitali ya mkoa.
Kufikia Ijumaa nilikuwa na ukoo mzima wa uongo,
na usiku naukariri kitandani, nani mtoto wa nani,
nisije nikamzika mtu mara mbili.

Bahari sikuiendea siku nne.
Nilipokwenda, haikuwepo.
Maji yamekupwa mpaka kule,
tope limelala linameta, limeacha wazi kila kitu:
kandambili moja, mzizi, chupa, nyayo za ndege,
na mbali kabisa wanawake wameinama wanachokoa chaza,
wakiitana majina kwa mapana ya uwanja ule.
Nikaona haya,
kama mgeni aliyepiga hodi
akaambiwa mwenyewe katoka, atarudi saa kumi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Somoe Nantimbo, mwenye nyumba,
alinistahi mpaka ya tano.
Na hakunipa jembe. Alinipa mbuzi.
Kwetu mbuzi hufungwa kamba;
huyu hana kwato, ana ulimi wa chuma,
na anataka umkalie.
Nazi ya kwanza niliikuna mpaka ndani ya kifuu,
tui likatoka na rangi ya chai.
Somoe hakusema kitu. Akachuja.

Ya pili, macho yake yakiwa kwenye kifumbu:
"Mgaya, mimi niambie. Umekuja kwa nani?"
Binamu wa hospitali akanijia mdomoni
na koti lake jeupe, kapiga pasi.
Nikamrudisha.
"Kwangu," nikasema. "Yaani, kwa mimi mwenyewe,"
na maneno yakagongana mlangoni,
Kiswahili chenyewe kikikataa kuyafungulia.

Kifumbu kikasimama hewani, kinadondoka.
Niliona anapima: huyu ni mgonjwa, au ni msomi?
Nje mtu anapita anauza samaki,
anataja bei, anaishusha kabla hajaulizwa.

"Huyo unayemfuata," akasema Somoe, "umemkuta?"

Bado.

Akaisukuma nazi ya tatu kwa kisigino,
ikabiringika ikanigonga mguu.
"Basi kaa."